Manga za mapenzi zisizo na fujo: jibu langu kwa mleta mada

Mkuu, umeuliza watu wazima tunapata nini kwenye manga za mapenzi, yaani hadithi za picha za Kijapani, ambazo, kwa maneno yako, hakuna kinachotokea: wawili wanapendana, wanaona aibu kushikana mikono, basi. Nimezisoma miaka kadhaa sasa, nyingi nikiwa hapa hapa Mtwara, kwa hiyo naomba nichangie kwa urefu kidogo.

Kazi yangu ni ya ghalani. Msimu wa korosho ukifunguliwa, kutwa ni mizani, unyevu, daraja la kwanza na la pili, makato, mkulima anayelalamika kilo zimepungua, na habari za kangomba, ununuzi wa korosho wa magendo, zinazosemwa chinichini. Kila anayeingia anahisi anaibiwa, na wapo wenye kila sababu ya kuhisi hivyo. Usiku nikirudi nyumbani Chuno sina hamu tena ya hadithi ya watu wanaotegeana. Sebuleni wanaangalia tamthilia ya Kituruki: mama mkwe kasimama nyuma ya mlango anasikiliza, barua imefichwa, wapenzi wamenuniana wiki nzima kwa jambo ambalo swali moja lingelimaliza. Hilo linanichosha mno.

Sasa chukua Ore Monogatari!!, iliyoandikwa na Kazune Kawahara na kuchorwa na Aruko, juzuu 13, kuanzia 2011 hadi 2016. Takeo ni mwanafunzi mwenye mwili mkubwa na sura ngumu, na kila msichana ambaye Takeo alimpenda alimtaka rafiki yake, Suna. Siku moja kwenye treni anamwokoa Yamato kutoka kwa mwanaume anayemshikashika. Yamato anampenda, ila Takeo anaamini binti anamtaka Suna, na badala ya kununa anaanza kuwatengenezea nafasi wawe pamoja. Mwandishi mwingine angelivuta hilo mpaka juzuu la kumi. Kawahara analimaliza kwenye juzuu la kwanza, wanakuwa wapenzi, na hadithi ndiyo kwanza inaanza.

Kilichonikamata zaidi ni Suna. Miaka yote anawakataa wasichana wanaomfuata na Takeo hajui kwa nini. Kumbe walikuwa wanamsema Takeo vibaya. Suna hakuwahi kumweleza, aliwakataa tu na maisha yakaendelea. Pale niliweka simu chini nikakaa kidogo. Hakuna mahali tulipoambiwa kwamba Suna ni mtu mwema, ila baada ya ukurasa huo huwezi kumwona vingine. Na hapo ndipo wengi wanaoandika manga za aina hii wanapokwama: wanakupa kijana mpole, msafi, hana analolitaka wala analolifanya, na kwangu huyo hapendeki hata kidogo. Nimeziacha nyingi za hivyo njiani.

Kuhusu hoja yako kwamba ni za wasichana, ni kweli Ore Monogatari!! ilitoka kwenye Bessatsu Margaret, jarida la wasichana, na mhusika wake mkuu ni mwanaume. Sidhani kama hilo ni la kumzuia mtu kusoma.

Nyingine ni Yubisaki to Renren, iliyoanza 2019. suu Morishita ni jina la watu wawili, mmoja anaandika na mwingine anachora. Yuki ni binti aliye chuo kikuu, kiziwi tangu kuzaliwa. Mgeni kutoka nje anamuuliza njia kwenye treni, na Itsuomi, kijana anayejua lugha kadhaa na aliyesafiri sana, anaingilia kumsaidia. Lugha ya alama haijui, basi anaanza kujifunza kutoka kwa Yuki. Mikono imechorwa kwa uangalifu mkubwa, hata kwenye simu unavuta picha uone kila kidole kimekaaje.

Ghalani kwetu kuna kijana kiziwi anayeshusha mizigo. Baada ya sura zile za mwanzo nilimwomba anifundishe namba. Alinifundisha mchana wa chakula, amekaa juu ya magunia, kila nikikosea ananishika dole gumba analiweka sawa. Siku hizi lori likiwa linanguruma pale mlangoni, mimi na yeye tunahesabu kwa mikono na hesabu inatoka sawa, wengine wakipiga kelele.

Kwa hiyo si kwamba nasubiri nijue kitakachotokea. Najua watakuwa pamoja, tena mapema. Nafungua sura inayofuata kwa sababu hao watu nimewazoea na napenda kukaa nao, kama jirani ambaye ukisikia sauti yake barazani unatoka mwenyewe bila kuitwa.

Ukitaka kujaribu, anza na ya Takeo, na kumbuka kila ukurasa unasomwa kuanzia kulia kwenda kushoto, la sivyo mazungumzo yatakuchanganya. Ukifika pale kwa Suna na wale wasichana, rudi kwenye uzi huu utuambie umeonaje.