Karafuu maiti haijaondoka, imo humu ndani

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: mtu aliyesoma sayansi anaweza kuamini akhera bila ya kujidanganya upande mmoja? Jibu langu ni ndiyo. Ila ni ndiyo yenye kasoro, na kasoro yenyewe nitaieleza, maana ndipo nilipoumia.

Mimi ni mwanamke wa Chake Chake, Pemba, mstaafu. Miaka 29 nimekaa mbele ya hadubini katika maabara ya hospitali, nikitafuta vimelea vya malaria kwenye damu na mayai ya kichocho kwenye mikojo ya watoto wa skuli. Na tangu marehemu bibi yangu aliposhindwa kuinama, akifa mwanamke mtaani kwetu naitwa mimi nende nikamkoshe. Asubuhi glovu za kazini, alasiri glovu za msibani. Sikumbuki siku niliyohisi nimeacha kichwa kimoja nyumbani nikavaa kingine.

Bibi alinifundisha kufanya haraka. Maiti afumbwe macho, afungwe taya kwa kitambaa, anyooshwe mikono na miguu, viungo vilainishwe. "Mwahini kabla hajakaza," alikuwa akisema. Baadaye nilisoma sababu: msuli unahitaji nguvu ya chakula ili ulegee, si kukaza tu, na pumzi ikikatika ile akiba huisha, nyama ikajifunga palepale ilipo. Huanzia kwenye kope na taya ndani ya saa chache, ikashuka mwilini, na baada ya siku moja au mbili hulegea wenyewe. Bibi hakujua habari za seli, lakini alijua pa kuanzia. Na miaka ya kipindupindu, tulipotia klorini kwenye maji na watu wa afya wamesimama mlangoni, sikusikia mtu mzima hata mmoja akilalamika kwamba dini imeguswa. Sheikh alisema panapokhofiwa madhara ya kukosha, tayamamu ipo, yaani kutumia udongo safi badala ya maji. Tukaendelea na kazi.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa. Kule Mbarali, bara, lilibaki kama pete. Kwetu visiwani liliumwa kipande kikubwa, karibu saa sita mchana. Wataalamu walikuwa wametangaza saa yake mapema, redioni na kwenye magazeti. Na msikitini kwetu saa hiyohiyo ya wataalamu ndiyo iliyotumika kuwaita watu kwenye sala ya kupatwa kwa jua. Nilicheka kidogo moyoni. Mnajimu kapiga hesabu, imamu kaitegemea, na hakuna aliyeona tabu.

Sala hiyo ina kisa chake, na kisa chenyewe ni cha msiba. Mtume, rehma na amani zimshukie, alifiwa na mwanawe mdogo Ibrahim mwaka wa 10 Hijria, na siku ile jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya mtoto. Baba ana kilio kifuani, na maneno yale yangemtukuza, lakini alisimama akawaambia kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, naye aliandika kwamba anayebishana na wanajimu juu ya hesabu za kupatwa kwa jua akidhani anaitetea dini, dini ndiyo anayoidhuru. Na Ghazali huyohuyo, ndani ya kitabu kilekile, aliwashambulia wanafalsafa waliokana kufufuliwa kwa miili. Hakuona kwamba anajipinga, nami nikimsoma sioni.

Kwa hiyo wanaokana akhera hawanisumbui sana. Wanaonisumbua ni mawakili wake.

Ninaletewa klipu kwenye simu kila wiki. Moja inasema wanasayansi wameichoma mifupa yote ya binadamu ikawa majivu, kikabaki kifandugu kizima, kile kimfupa cha mwisho wa uti wa mgongo, kwa hiyo hadithi ya Mtume imethibitika. Hadithi ya kwamba mwanadamu ataumbwa upya kutokana na kifandugu naijua, na naipokea kama ninavyopokea mambo ya ghaibu, yale yasiyoonekana. Lakini mfupa ni mfupa. Uchome vya kutosha, hubaki madini meupe ya kusagika kwa vidole, kifandugu sawasawa na paja. Kijana aliyenitumia aliniambia, "Bi mkubwa, wewe sasa unaipinga hadithi?" Nikamjibu kwamba aliyeidhalilisha hadithi ni yeye, aliyeifanya isimame au ianguke kwa moto wa tanuri.

Klipu nyingine ni ya gramu 21, eti uzito wa roho. Hiyo ina asili ya kweli. Daktari mmoja wa Marekani, Duncan MacDougall, aliwapima wagonjwa sita waliokuwa wakikata roho, kitanda kikiwa juu ya mizani, akatangaza matokeo mwaka 1907. Gramu 21 zilitoka kwa mgonjwa mmoja. Wawili aliwatoa mwenyewe kwenye hesabu, na waliobaki hawakulingana. Halafu akapima mbwa 15, hawakupungua, akaona ni dalili kwamba mbwa hawana roho. Angeniletea mimi vipimo vile maabara, ningemrudisha akapime tena.

Waliofanya kazi ya maana zaidi ni wale waliofuatilia watu ambao moyo ulisimama wakarudishwa. Utafiti ulioongozwa na daktari Sam Parnia, uliotolewa mwaka 2014, uliangalia matukio 2,060 ya moyo kusimama katika hospitali za Uingereza, Marekani na Austria. Walionusurika na kuweza kuhojiwa ni 140. Watafiti walikuwa wametundika rafu karibu na dari zenye picha zinazoonekana kutokea juu tu, ili anayesema alielea akajitazama aulizwe aliona nini. Hakuna aliyeiona picha. Mmoja alieleza vizuri mambo yaliyotendeka chumbani wakati moyo wake umesimama, lakini chumba chake hakikuwa na rafu! Na mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza habari za wagonjwa wanne waliotolewa kwenye mashine ya kupumulia. Wawili kati yao, ubongo ulilipuka kwa mawimbi ya kasi ya umeme muda mfupi kabla ya kufa. Wanaoamini wakashangilia, wasioamini nao wakashangilia. Mie nilisoma nikaona ni habari za ubongo unaokufa, na zinastahiki kusomwa kama hivyo.

Sasa nifike kwenye karafuu maiti. Jina linawapoteza wageni, hasa wakisikia kwamba wako Pemba, maana haihusiani na mikarafuu yetu. Ni kafuri, vibonge vyeupe vya asili ya mti wa nchi za China na Japani. Tunaisaga, tunaitia kwenye maji ya mwisho ya kumkoshea maiti, kisha tunaipaka na pamba kwenye viungo vya sijda: kipaji, pua, viganja, magoti, ncha za miguu. Ina tabia moja ya ajabu. Iache wazi kwenye kisahani, haiyeyuki. Inapungua siku hadi siku, na kisahani kikavu.

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo Tunguu, alikuwa akinisaidia kukunja bafta ya sanda kwenye msiba mmoja. Alikitazama kisahani kilichosahauliwa dirishani tangu msiba wa kabla yake, kikiwa kitupu.

"Shangazi," akasema, "si ndiyo kama roho? Ilikuwepo, leo haimo, wala haikuacha kitu."

"Haijaondoka, mwanangu. Imo humu ndani, si unainusa?"

"Basi ndiyo hivyo hivyo na roho."

"Hapana. Hii ningekuwa na mizani na chupa ningeikamata yote nikakurudishia kibonge chako. Mfano wako mzuri, ila ni mfano wa karafuu maiti."

Alinuna. Lakini ndilo neno langu zima katika swali lenu. Kitu nitakachoweza kukikamata kwenye chupa ni mali ya maabara, na nitakishughulikia kimaabara, bila ya huruma. Akhera niliyofundishwa chuo cha Qur'ani ni ghaibu, na waumini mwanzoni kabisa mwa Sura ya Baqara wanasifiwa kwa kuiamini ghaibu. Atakayeniletea akhera kwenye slaidi, nitaipaka rangi na kuitazama kama slaidi nyingine yoyote, na sioni nitakuwa nimebakiwa na nini cha kuamini.

Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Kasoro niliyoitaja ni mamangu.

Alipatwa na maradhi ya kusahau. Alianza kusahau alichokula, kisha akawasahau wajukuu, kisha mwaka wa tatu akanitazama mimi, ninamlisha uji, akaniuliza kwa adabu, "Wewe mtoto wa nani?" Nilijua kinachotokea ndani ya kichwa chake, na kujua hakukunisaidia. Maradhi haya huanza kula sehemu ya ubongo inayoweka kumbukumbu mpya, ndiyo maana ya jana hufutika kabla ya ya utotoni. Nilikuwa nimesoma habari za Henry Molaison, kijana wa Marekani aliyetolewa sehemu hiyo kwa upasuaji mwaka 1953 ili atibiwe kifafa. Kifafa kilipungua, lakini mpaka alipofariki mwaka 2008, daktari akitoka chumbani akarudi, alikuwa anamsalimia upya. Hapa sayansi haikai mbali na akhera kwa heshima. Inauliza: kama kumbukumbu zimo kwenye nyama, na nyama imeoza hata kabla ya kaburi, atakayefufuliwa ni nani? Yule aliyenizaa na kunijua, au yule aliyeniuliza mimi mtoto wa nani? Ibn Sina, tabibu mkubwa, alisema mtu aliyening'inizwa hewani bila ya kuhisi chochote bado angejua kwamba yupo. Labda. Mamangu alijua kwamba yupo. Hakujua kwamba ni yeye.

Siku zake za mwisho nilimsomea Yasini, kama tunavyofanya. Sura ile naisoma tangu mdogo, lakini nilikuwa nimepita tu juu ya mambo yake. Mwishoni anakuja mtu anapiga mfano, nani ataihuisha mifupa nayo imekwisha kumung'unyika? Pingamizi la wasioamini limo ndani ya sura tunayowasomea wanaokufa, halikufichwa. Na kabla ya hapo kuna aya inayosema kwamba siku ile vinywa vitapigwa muhuri, mikono itazungumza na miguu itatoa ushahidi. Nilisimama hapo. Habari zote za hisabu ya Siku ya Kiyama tulizofundishwa, kitabu cha amali, malaika wawili wanaoandika, viungo vinavyosema, hakuna hata moja inayomtegemea maiti akumbuke. Kumbukumbu zimewekwa kwingine. Na mwendawazimu, tuliambiwa, kalamu imenyanyuliwa kwake mpaka akili irudi, kwa hiyo miaka ile mitatu huenda haikuandikwa kabisa. Sisemi hii ni sayansi, wala haijibu swali la ubongo. Nasema tu kwamba nilimaliza sura na sauti yangu haikukatika.

Nilimkosha mwenyewe. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo nilibaki nikiosha vyombo vya maji na kumwaga ubani uliobaki, mpaka kaka aliporudi na udongo kwenye miguu. Nikamuuliza kama talakini imesomwa, maana siku hizi kuna wanaoikataa. Akasema imesomwa, sheikh amemwita na kumkumbusha majibu atakapojiwa na malaika.

"Alimwita kwa jina gani?"

"La kwenye kitambulisho. Jina gani tena?"

Nikamgombeza kaka yangu, msiba umejaa watu, kwamba angalimwambia sheikh amwite kwa lile la utotoni, maana hilo la kitambulisho mama alikuwa haliitikii tangu mwaka uliopita.