Nina miaka 44, naruhusiwa kushindana?

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 44, natimiza 45 mwezi Novemba. Sijawahi kushindana, na naogopa kuruka kutoka jukwaani. Naruhusiwa kuingia mashindano ya kuogelea ya watu wazima?

JIBU: Marahaba. Unaruhusiwa kabisa. Kwa kanuni za World Aquatics, shirikisho la kuogelea la dunia, mashindano ya mastazi, yaani ya watu wazima, ni ya kuanzia miaka 25, na juu hayana kikomo. Makundi hupangwa kwa miaka mitanomitano, na unaohesabiwa ni umri utakaokuwa nao Desemba 31 ya mwaka huo. Kwa hiyo hata shindano likiwa Machi, utaogelea na wa 45 hadi 49, ukiwa miongoni mwa wadogo kundini. Nafasi nzuri hiyo, itumie!

Kuhusu kuruka, ondoa hofu. Unaruhusiwa kuanzia majini: shika ukuta kwa mkono mmoja, kanyaga ukuta, ukisikia ishara ndipo ujisukume. Hilo lirudierudie mazoezini, maana wengi wanaoanza huachia ukuta mapema, na kutangulia ishara kunakutoa shindanoni. Mashindano ya dunia yana muda wa kufuzu, yaani kasi ambayo lazima uifikie ndipo uingie. Wewe anza na ya klabu. Ila umwone daktari kwanza, hasa kama una presha.