Kwa mafundi wapya wa boti za zamani: koki kwanza, stata baadaye

Nimepita Mtwapa kriki juzi nikasikia stata ya boti inalia, inanyamaza, inalia tena, na juu kuna kijana anamwambia mwenzake "bado kidogo itashika hiyo". Nikapanda nikawauliza koki ya bahari, ile inayoingiza maji ya kupozea injini, iko wazi ama imefungwa. Wakaangaliana. Basi ndio nimekaa kuandika haya, manake kila msimu naona kosa lilelile na vijana tofauti, na hawa vijana ni wazuri, wana mikono, wana moyo wa kazi, ila hakuna aliyewakalisha chini.

Naongea na nyinyi mnaoshika boti za kabini kuukuu, zile za faiba zilizotengenezwa miaka ya 70 na 80, injini iko ndani chini ya sitaha, ambazo siku hizi ziko Kilifi, Watamu, Malindi mpaka Shimoni zinapeleka wageni kuvua. Za autibodi, injini ya kuning'iniza nyuma, mna mabingwa wenu.

1. Anza na matundu, usianze na injini. Najua injini ndio tamu, ina kelele na mwenye boti akija anakukuta una grisi mpaka kwenye kiwiko anajua unafanya kazi. Lakini hesabu kwanza matundu yaliyo chini ya maji: la kupozea injini, la choo, la sinki, la shafti, la usukani. Yale matatu ya kwanza kila moja lina koki, mpira na klipu, na vyote vina umri wa kukuzidi. Boti kuukuu mara nyingi haizami kwenye mawimbi, inazama usiku ikiwa imefungwa kwenye boya, bahari shwari, watu wamelala. Kitu kidogo tu, klipu imekatika kutu.

Na hapa niseme kuhusu koki za hadweya. Mtu anakuta koki ya zamani imekwama, anaenda duka la vifaa vya ujenzi ananunua geti valvu ya maji ya nyumbani, ya manjano inang'aa, anafunga na uzi mweupe, kazi imekwisha, bei rahisi. Ile ni shaba iliyochanganywa na zinki, na maji ya chumvi yanaitoa ile zinki polepole, kwa nje unaona koki ni ileile, ndani imebaki sponji. Chukua kisu uikwangue. Ukiona rangi ya manjano sawa, ukiona waridi waridi hiyo imekwisha, usiikaze wala usiilegeze boti ikiwa majini manake itabaki mkononi mwako. Tumia bronzi ya kweli ama zile za plastiki ngumu zilizotengenezwa kwa boti. Klipu mbili kila mpira, za stenlesi 316, na kila koki ifungwe kamba yenye kizibo cha mti laini kinachoenea tundu lake. Kizibo kikae palepale kwenye koki! Nimewahi kuona vizibo vimetunzwa vizuri sana ndani ya kasha, na kasha liko chini ya magodoro, na magodoro yako chini ya makoti ya kuokoa maisha.

2. Impela, lile gurudumu la mpira lenye mabawa ndani ya pampu ya maji ya bahari, ibadilishwe kila mwaka hata kama inaonekana nzima. Ukiikuta imekatika bawa, tafuta lile bawa mpaka ulipate, liko kwenye mpira ama kwenye mdomo wa kipozeo linaziba maji, na usiponitafutia hilo bawa injini itachemka wiki ijayo na utaanza kulaumu themostati.

3. Hapa tulieni mnisikilize. Injini ikikataa kuwaka, FUNGA KOKI YA BAHARI kabla hujaendelea kupiga stata.

Sababu ni hii. Bomba la egzosi la injini ya ndani linamwagiwa maji ya chumvi ili lipoe, yale maji yanashuka kwenye sailensa, lile tanki la chini, na moshi wa injini ndio unaoyasukuma yatoke nyuma ya boti. Sasa ukipiga stata injini isiwake, pampu ya maji inazunguka vilevile na inavuta bahari vilevile, ila moshi wa kusukuma haupo. Sailensa inajaa, bomba linajaa, alafu maji yanarudi juu mpaka kwenye manifoldi, pale egzosi inapotokea kwenye injini, na silinda ambayo valvu yake ya egzosi imebaki wazi inakunywa. Hewa inabanwa, maji hayabanwi. Pistoni ikipanda haina pa kwenda.

Nalijua hili kwa sababu nililifanya. Nilikuwa nimeachiwa boti ya mzee mmoja, ina injini moja ya dizeli katikati, Perkins 4.236, nimebadilisha filta za dizeli jioni na alfajiri kuna wageni wa kuvua. Nikatoa hewa kwenye filta nikaridhika, kwenye pampu ya dizeli sikugusa, nikasema hewa iliyobaki itajitoa yenyewe. Nikapiga stata, haishiki. Nikapumzisha, nikapiga tena. Nilikuwa nashika stata kwa mkono kila mara nione kama imepata moto sana, yani nilikuwa mwangalifu kweli, ila uangalifu wangu wote ulikuwa kwenye stata. Koki iko wazi kabisa na niliifungua mimi mwenyewe, manake nilifundishwa usiwashe injini koki ikiwa imefungwa impela itaungua, na hilo ni kweli, ila habari ya injini isiyotaka kuwaka hakuna aliyeniambia. Giza likaingia. Nikalegeza nati za nozeli, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, moja moja, dizeli ikaanza kutema bila mapovu, nikafurahi, nikakaza, nikapiga. Ikashika silinda moja ama mbili, ikakohoa, alafu ikapiga "tak" moja nzito ikasimama. Nikabonyeza tena: tak. Nikasema hiyo ni betri. Nikaenda kuazima betri ya pili nikaunga pamoja, tak. Nikafunga kila kitu nikaenda kulala nikiwaza kesho nitatoa wapi betri yenye chaji.

Kulazimisha ndio lililopinda chuma, na kulala ndio lililoleta kutu.

Alfajiri nikachomoa kijiti cha oili, imepanda juu ya alama, na mimi sikuwa nimeongeza oili. Nikafungua nati ya chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, yakatangulia maji safi kabisa, yakafuatiwa na oili iliyogeuka chai ya maziwa. Nikatoa nozeli zote nne, nikaweka spana kwenye puli ya krenki nikazungusha taratibu, tundu la nyuma likatema maji yakanipiga kifuani, yaliyonifika mdomoni yalikuwa chumvi. Konrodi moja, ule mkono wa kushika pistoni, imepinda. Pete zimeanza kushika kutu kwenye silinda mbili, usiku mmoja tu. Wageni wakahamishiwa boti nyingine, injini ikang'olewa, na mzee mwenye boti hakupandisha sauti, aliniuliza swali moja, koki ilikuwa wazi? Nikasema ndio, baba. Akasema basi injini utaifungua wewe na utaifunga wewe, na sikulipi mpaka niisikie inanguruma. Niliifungua na kuifunga. Mpaka leo naamini alinitendea haki, na ile injini ndiyo iliyonifundisha Perkins kuliko darasa lolote.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, uukariri. Umegusa mfumo wa dizeli, basi koki inafungwa, unatoa hewa kuanzia filta mpaka pampu mpaka nozeli, unapiga stata kwa vipindi vifupi, na mwenzako amekaa mkono uko kwenye koki. Injini ikishika tu, anafungua hapohapo, usingoje hata kumsalimia mtu, impela kavu haina subira. Mimi koki ikifungwa nafunga kitambaa chekundu kwenye usukani ili asije mtu akaondoka na boti koki ikiwa imefungwa. Kama ulishapiga sana ikiwa wazi, sailensa ina nati ya kumwagia chini, imwage kabla ya kuendelea. Na ukisikia ile tak, toa mkono kwenye swichi. Toa nozeli, zungusha kwa mkono, maji yatoke yote, mimina oili kidogo kila silinda, badilisha oili ya sampu, funga, iwashe siku hiyohiyo, badilisha oili tena na tena mpaka iache kuwa nyeupe. Siku hiyohiyo. Hata kama ni usiku wa sikukuu.

Kuna na ndugu yake hili kosa: injini ikiwa imekaa chini ya usawa wa maji, mpira unaopeleka maji kwenye egzosi unatakiwa upande juu ya usawa wa maji kwanza, na pale juu kuna kivalvu kidogo cha kuingiza hewa. Kikiziba chumvi, bahari inajivuta yenyewe taratibu injini ikiwa imezimwa, umelala zako nyumbani. Kitoe ukioshe na maji baridi, dakika tano.

4. Zinki, kile kipande kinachofungwa chini ya boti, usiipake rangi. Najua unataka boti ipendeze, lakini zinki kazi yake ni kuliwa badala ya propela na shafti, ukiipaka rangi umeifunga mdomo na bahari itatafuta chakula kingine. Ikifika nusu badilisha. Na wale wa Kisumu na Mwanza mnaopokea boti zilizotoka pwani, ziwani ni maji baridi, hapo zinki inalala tu, wekeni kipande cha magnesiamu.

5. Pampu ya ngama, pale chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika, iungwe moja kwa moja na betri ikiwa na fyuzi yake, isipite kwenye swichi kuu. Mtu akizima swichi kuu akaenda zake, pampu lazima iendelee kuwa macho. Na mwaga ndoo ya maji ujaribu floti, ile swichi inayoelea, usiinue kwa kidole ukasema inafanya kazi.

6. Malengelenge ya chini. Mmepweleza boti kwenye bamvua, maji yametoka, mnakwangua magamba, mnaona vipele kwenye faiba. Toboa kimoja (vaa miwani, kile kimaji kinaruka) unuse. Kikinuka siki, maji yalishapenya jelikoti, lile ganda la nje la faiba, yakakaa ndani yakaanza kuchanganyika na rezini. Sasa vijana wangu mnachofanya ni kupaka fila jioni hiyohiyo na rangi juu kwa sababu maji yanajaa. Mmefungia maji ndani! Vipele vitarudi pale pale na vikubwa zaidi.

Hii kazi haiwezekani kati ya maji kujaa na kupwa. Boti ipande juu, kila kipele kifunguliwe, kioshwe na maji baridi, kikauke, kioshwe tena, na kukauka ni wiki nyingi, wakati mwingine miezi, ndipo epoksi. Na hapo ndipo ugomvi wetu na wenye boti unapoanza. Muda wa kukausha hapa kwetu ni kaskazi, Januari na Februari, jua kali na mvua hamna, lakini huo ndio wakati wa wageni na samaki, mwenye boti anataka iwe majini. Anakuletea Mei masika yanamwagika, bahari ya kusi imechafuka, hana wateja, anasema haya kausha. Utakausha na nini? Mwambie ukweli mapema. Kama haiwezi kukaa juu kaskazi, afadhali vipele vibaki kama vilivyo, boti itaelea navyo miaka, kuliko kumlipisha hela ya kazi ambayo unajua itabanduka. Nimeona mafundi wazuri wamepoteza jina kwa ajili ya kazi hiyo moja, na jina huku pwani likishatoka Mtwapa jioni, asubuhi liko Watamu.

Sitaha nayo, gonga na mpini wa nyundo, ikilia kavu sawa, ikilia bubu mbao ya ndani imeoza, na utakuta chanzo ni skrubu ya mtu aliyefunga kishikio akaipaka silikoni. Hiyo silikoni naomba muiache bafuni.

7. Spea. Ile 4.236 ya Perkins ni silinda nne na inchi za ujazo 236, ndio maana ya jina lake, na injini ya familia hiyohiyo iko kwenye trekta za Massey Ferguson. Kwa hiyo filta, pete, gasketi nyingi ziko duka la trekta, usimwagizie mtu Uingereza kitu kilichoko mjini. Beba cha zamani mkononi ulinganishe. Ila vinavyogusana na maji ya chumvi, pampu yake, manifoldi, kipozeo, hivyo ni vya boti peke yake, trekta haina.

Na kama boti ni ya petroli, stata na alteneta ya gari usiweke, hata ikienea nati zote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unakaa kwenye ngama, na stata ya gari inatoa cheche ndani ambazo haikutengenezwa kuzizuia. Za boti zimefungwa kwa sababu hiyo. Washa feni ya ngama dakika nne kabla ya kugusa ufunguo, alafu bado inua mfuniko upeleke pua yako chini. Ukinusa petroli usiwashe wala usizime kitu chochote, hata taa. Fungua milango yote, watu washuke, subiri mvuke uishe, ndio uanze kutafuta inapovuja.