Jibu: Spika za mtumba, moja inasikika hafifu

Habari za jioni, ndugu yangu. Nimeelewa kwamba umepata jozi ya spika za mtumba pale Mbuyuni, Moshi, kwamba ya kushoto inasikika kama imefunikwa blanketi, na kwamba muuzaji anasema kosa ni la amplifaya yake.

Kabla ya yote, badilishaneni nyaya, ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto. Kasoro ikihamia spika ya pili, muuzaji amesema kweli. Ikibaki palepale, spika ndiyo mbovu, na mara nyingi ni twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) iliyokufa, kwa hiyo isogezee sikio uhakikishe.

Kisha vua kitambaa cha mbele uguse taratibu ukingo wa koni (ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti), maana ukingo wa sponji huoza kwa umri hata kama spika haikutumika, ilhali wa mpira hudumu zaidi. Sukuma koni polepole kwa vidole vilivyoizunguka sawasawa. Ukisikia mkwaruzo, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inagusa sumaku, na hapo mimi huondoka. Niliwahi kuupuuza mkwaruzo huo hapa Arusha, nikamlipa fundi karibu sawa na bei ya spika zenyewe.

Nenda na wimbo unaoujua vizuri, wenye sauti ya mwimbaji na gitaa, uusikilize kwanza kwa sauti ya chini, kwani besi nyingi huficha mengi. Besi ikipungua na mwimbaji asisikike katikati, kagueni kama nyaya za chanya na hasi zimegeuzwa kwenye spika moja. Hilo hurekebishwa papo hapo bila gharama.