Daktari Anajibu: Kwa Nini Mtoto Apigwe Picha Mbili za Fuvu?

SWALI: Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka 13. Tangu muhula uliopita tundu la kulia la pua yake limeziba na mara kwa mara hutoka damu nyingi. Daktari wa masikio, pua na koo ameona uvimbe nyuma ya pua, lakini amekataa kukata kipande kikapimwe. Alituandikia CT, ile picha ya eksirei ya kompyuta, na sasa anataka MRI pia, ile ya mashine ya sumaku. Majirani wanasema mionzi itamharibu ubongo. Je, picha moja haitoshi?
Mama mzazi, Kondele, Kisumu

JIBU: Mama, daktari huyo amefanya vyema kutokata. Mvulana wa umri huo akiziba pua upande mmoja na kutokwa damu, tunafikiria kwanza angiofibroma, uvimbe ambao si saratani lakini umejaa mishipa ya damu, na ambao ukichokolewa kabla ya picha unaweza kumwaga damu isiyozuilika kwa urahisi. Kama ndio alio nao, picha ndizo zitakazoonyesha.

Uvimbe huo huota chini ya sakafu ya fuvu, yaani mfupa unaobeba ubongo, wenye matundu ya kupitisha neva na mishipa. CT huonyesha mfupa wenyewe: kama tundu limepanuka, au kama mfupa umeliwa. MRI huonyesha nyama laini: uvimbe umeishia wapi, umelikaribia jicho au ubongo kiasi gani, na kipi ni kamasi tu zilizokwama nyuma yake. Mpasuaji anazihitaji zote mbili.

Kuhusu mionzi, CT huitumia kweli, na watoto huathirika nayo kuliko watu wazima, ila CT moja haiharibu ubongo; hatari ya saratani baadaye ipo, nayo ni ndogo mno. La muhimu ni kutoirudia bure, kwa hiyo nendeni na sidii ya picha hizo kila hospitali. MRI haina mionzi, hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Atalala bila kutikisika kwa nusu saa au zaidi, mashine ikigonga kwa kelele, na kwa umri wake huenda asihitaji dawa ya usingizi. Kwa sababu ya sumaku hiyo, mvueni mkanda na saa, na mtoeni sarafu mfukoni.

Damu ikitoka kabla ya siku hiyo, akae akiinamia mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia, na isipokoma mkimbizeni hospitali.