Kifyatulio kipya kwa bunduki ya kuwindia: uzito uwe swali la mwisho

Mtutu wa sentimita 60 ukisogea pembeni milimita 0.6 tu wakati unafyatua, risasi inakosa shabaha kwa sentimita 20 ukiwa umbali wa mita 200. Hizo zinatosha kuitoa risasi kwenye mapafu ya swala na kuipeleka tumboni, na mnyama aliyepigwa tumboni huenda mbali na kuteseka sana kabla ya kufa. Sasa chukua bunduki yenye kilo 3.6 pamoja na darubini yake, yenye kifyatulio (traiga, kama wengi tunavyoiita) cha kiwandani kinachotaka mvuto wa kilo 2.7; mvuto huo ndio uzito wa kifyatulio. Kidole kinatumia nguvu inayokaribia uzito wa bunduki nzima, na bunduki haiwezi kutulia. Ndiyo maana watu wanabadilisha kifyatulio, na wana haki. Kosa hutokea dukani, pale mnunuzi anapokuwa na swali moja tu: "Kipi chepesi zaidi?"

Kifyatulio cha hatua moja hakina ulegevu mwanzoni. Kidole kikigusa kinakutana na ukuta, ukiongeza nguvu ukuta unakatika kama njiti ya kibiriti. Cha hatua mbili, mfano kile cha Mauser 98 ya kijeshi, kwanza kinarudi nyuma kwa ulaini, ndipo unaufikia ukuta. Faida ya hatua moja ni kwamba unachohisi ni kilekile kila mara. Hasara yake ni kwamba hakikupi onyo, na kwa sababu hiyo hatua moja nyepesi kupita kiasi ni hatari kuliko hatua mbili nyepesi.

Ndani ya kifyatulio kuna kilimi cha chuma kinachoizuia pini ya kufyatulia (ile inayogonga risasi) isiruke, na kilimi hicho kinashikiliwa na kifyatulio chenyewe. Mahali wanapogusana hapafiki hata milimita moja. Ubora wote unakaa hapo: ugumu wa chuma, unyoofu wa nyuso mbili, na jinsi zinavyoachana. Springi inayoongeza au kupunguza uzito inakuja baadaye kabisa. Kifyatulio cha pauni 3 (kilo 1.36) kinachokatika bila kusota kitakupa makundi madogo ya matundu kwenye shabaha kuliko cha pauni 2 kinachojikokota. Timney, kampuni ya Kimarekani iliyoanza 1946, inategemea nyuso zilizosuguliwa vizuri na kufanywa ngumu. TriggerTech ya Kanada inaweka kigurudumu kidogo kati ya sehemu hizo mbili ili ziviringike badala ya kusuguana. Njia zote mbili zinafanya kazi, na kwa mwindaji tofauti yake ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai.

Kabla ya kulinganisha majina, angalia sefti (kizuizi cha usalama) ya bunduki yako inazuia nini. Hili ndilo swali la kwanza, na wengi hawaliulizi. Kwenye Winchester Model 70 na Mauser 98, sefti iko nyuma ya bolti (chuma kinachoteleza kufunga nyuma ya mtutu) na inaikamata pini ya kufyatulia yenyewe. Ukibadilisha kifyatulio, sefti inabaki ileile, lakini lazima ikiwashwa iivute pini nyuma kidogo ili kilimi kipumue. Isipofanya hivyo, ukigusa kifyatulio sefti ikiwa imewashwa, kilimi kinashuka na hakirudi, na siku utakapoizima bunduki italia yenyewe. Kwenye Remington 700 mambo ni tofauti: sefti ni sehemu ya kifyatulio. Ukinunua kifyatulio unanunua na sefti yake, kwa hiyo chagua kinachozuia kilimi, kwa sababu kuzuia ule mkono unaovutwa na kidole peke yake hakutoshi.

Historia ya Remington inafundisha. Model 700 ilitoka 1962 ikiwa na kifyatulio cha Walker, chenye kipande kidogo kilicholegea kati ya kifyatulio na kilimi. Uchafu au mafuta yaliyoganda yakikizuia kipande hicho kisirudi mahali pake, kilimi hakishikiliwi sawasawa. Baadaye kikaja kifyatulio cha X-Mark Pro, na Aprili 2014 kampuni ikaziita zirudi bunduki za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio hicho zilizotengenezwa kuanzia 1 Mei 2006 hadi 9 Aprili 2014, kwa kuwa gundi iliyozidi kiwandani ingeweza kuifanya bunduki ifyatuke bila kukusudiwa. Ukinunua 700 iliyotumika, anza na namba yake na mwaka wake. Tena, zile za kabla ya 1982 sefti ilifunga pia bolti, maana yake ni lazima uizime sefti ndipo utoe risasi chemba, yaani pale inapokaa tayari kufyatuliwa. Kama unayo hiyo, kifyatulio kisichofunga bolti kinakuondolea hatari hiyo, na hii peke yake ni sababu nzuri ya kubadilisha.

Sasa uzito. Kwa swala, kulungu au pofu kutoka kwenye tegemeo, pauni 2.5 hadi 3.5 (kilo 1.1 hadi 1.6) ni sahihi. Kwa nyati na wanyama wengine wa hatari, kwa mfano ukiwa na bunduki ya risasi nzito ya .375 H&H katika vitalu vya uwindaji vya Tanzania, usishuke chini ya pauni 3.5. Moyo unapodunda kwa hofu, kidole hupoteza hisia, na hapo pauni 2 utaikuta imeshaondoka kabla hujaamua. Vifyatulio vya chini ya pauni 1 ni vya mezani, kwa walenga shabaha. Havina nafasi porini hata kama duka linasema vinafaa.

Kuna bunduki ambazo hazihitaji matumizi haya. Tikka T3x ina kifyatulio cha hatua moja kinachorekebishika kati ya kilo 1 na 2 kwa ufunguo wa alen, na ni kisafi. Hela hiyo nunulia risasi za mazoezi. Kwa upande mwingine, Bergara B-14 inapokea vifyatulio vya umbo la Remington 700, lakini "inapokea" haimaanishi bila kukagua: vipimo vya kisigino cha pini (pale kilimi kinapoikamata) hutofautiana kidogo kati ya watengenezaji, na kilimi kinaweza kushika kwa ncha tu. Remington 783 na 770 hazitumii vya 700 licha ya jina. Anayetumia mkono wa kushoto aagize cha kushoto, kwani sefti iko upande wa pili.

Kufunga kwenyewe, kwa 700, si kazi ndefu, ila ni kazi ya fundi bunduki mwenye leseni. Tanzania na Kenya usiifanyie nyumbani. Hata hivyo ni vizuri ujue anachofanya ili umwulize. Chemba na magazini vinakaguliwa kuwa tupu, bolti inatoka, skrubu za kitako zinafunguliwa, mtutu unanyanyuliwa. Kifyatulio kimeshikiliwa na pini mbili zinazopita kando kwa kando. Zikitoka, kizuizi cha bolti na springi yake ndogo upande wa kushoto huanguka, na ndiyo springi inayopotea mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kazi ifanyike juu ya trei au kitambaa cheupe.

Tatizo kubwa baada ya kufunga ni mbao. Kasha la kifyatulio kipya mara nyingi ni pana kuliko la zamani, likigusa kitako sefti inakwama nusu njia. Njia rahisi ya kugundua: paka rangi ya mdomo kwenye kasha, rudisha kitako, kaza, kisha fungua tena. Palipoachwa alama nyekundu ndipo pa kukwangua, kidogo kidogo. Hakikisha pia kifyatulio hakigusi ukingo wa kinga yake. Kipande cha karatasi kipite pande zote mbili. Skrubu za kitako cha mbao au plastiki zikazwe kwa inchi-pauni 35 hadi 45 (Nm 4 hadi 5), na zenye msingi wa alumini kwa 65 (Nm 7.3). Kwa kuwa mtutu ulitoka kwenye kitako, darubini ilengeshwe upya kwa mita 100.

Skrubu za kurekebisha ni tatu katika vifyatulio vingi. Ya uzito unaweza kuigusa. Ya kusimamisha kifyatulio baada ya kukatika isikazwe hadi mwisho: ikaze hadi bunduki isifyatuke, irudishe hadi ifyatuke, kisha uirudishe robo mzunguko zaidi ili vumbi lipate nafasi. Ya kina cha kilimi imezibwa kiwandani kwa sababu. Iache.

Majaribio haya yafanyike bila risasi, kila mara kifyatulio kikiguswa. Washa sefti, vuta kifyatulio kwa nguvu, achia, zima sefti: pini isidondoke. Rudia mara 20. Funga bolti kwa ukali mara 20, sefti ikiwa imezimwa: pini isidondoke. Gonga kisigino cha kitako sakafuni juu ya mpira mnene kutoka kimo cha sentimita 30, kisha gonga pande zote kwa nyundo ya mpira. Pini ikidondoka hata mara moja, bunduki haitoki nyumbani. Uzito nao pima mara 10 kwa mizani ya ndoano, ndoano ikiwa palepale katikati ya upinde, maana chini zaidi itasoma wepesi wa uongo. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya gramu 200, kuna kinachokwaruza ndani, na kukaza springi hakutakiponya.

Porini adui ni mafuta. Msimu wa kiangazi vumbi laini hunasa kwenye mafuta na kuwa tope ndani ya kasha. Kwenye baridi mafuta hayo huganda na kilimi kikachelewa kurudi. Usipulizie kifyatulio mafuta ya bunduki kabisa. Kikichafuka, kiondolewe bolti, kioshwe kwa petroli safi ya kujazia viberiti mbali na moto, kining'inizwe kikauke chenyewe, kisha jaribio la sefti lirudiwe kabla ya risasi kuingia tena kwenye magazini.