Sarafu ya marehemu mjomba imeingia weusi, niisugue?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu mjomba alikuwa mpishi nyumba ya wageni hapa Bagamoyo. Mmarekani mmoja alimwachia sarafu kubwa ya mwaka 1995, ina sura ya mwanamke na maneno Special Olympics World Games. Sasa imeingia weusi. Ni fedha kweli? Nikiisugua kwa majivu na ndimu itatakata?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ndimu hiyo kamulie samaki.

Hiyo ni dola moja ya Marekani, ukumbusho wa michezo ya dunia ya wenye ulemavu wa akili iliyofanyika New Haven, Julai 1995. Huyo mama ni Eunice Kennedy Shriver, mwanzilishi wa Special Olympics na dada wa Rais Kennedy. Alikuwa bado hai ilipotolewa, na Wamarekani si kawaida yao kumweka aliye hai kwenye sarafu. Ni fedha asilimia 90, inayobaki ni shaba.

Kuihakiki, sumaku haitoshi, maana hata ya shaba na nikeli hainasi. Nenda kwa sonara mwenye mizani ya dhahabu. Ikiwa kavu inatakiwa iwe gramu 26.73. Kisha aweke glasi ya maji juu ya mizani, arudishe sifuri, aining'inize sarafu kwa uzi izame yote bila kugusa kitako wala ubavu. Mizani itaonyesha kama 2.6. Gawanya uzito wa kwanza kwa wa pili: ukipata 10.3 hivi, ni yenyewe. Ikitoka 8.9, mjomba alipewa shaba na nikeli.

Weusi ule si kutu. Ni salfa ya hewani imeshikana na fedha yenyewe, kwa hiyo ukisugua unaondoka na fedha. Hapa Ngamiani, Tanga, niliwahi kuletewa rupia ya Mjerumani iliyosuguliwa kwa mchanga hadi masharubu ya Kaizari hayaonekani. Nilimlipa mwenyewe kwa uzito tu, roho ikiniuma.

Tafuta pia herufi ndogo ya kiwanda kilichoipiga. P ni ya Philadelphia, iliyong'arishwa uwanja, yaani pale pasipo na picha wala maandishi, ukawa kama kioo. Hiyo hata kitambaa laini kinaiachia michirizi. W ni ya West Point, ya kawaida, nayo ilitoka chache zaidi.

Ikiwa na jasho au chumvi ya bahari, isuuze kwa maji ya mvua, ikandamize kwa kitambaa cha pamba bila kufuta. Ishike ukingoni. Usiifunge na mpira wa noti, mpira una salfa. Ukishapima nitumie namba zote mbili na hiyo herufi, tuzungumze bei.